Hans Meyer na Hewa Nyepesi ya Mlimani

Bila shaka umepata kuona picha ya Mlima Meru, hata kama huishi karibu nao. Ikiwa unakaa katika jiji la Arusha, huna haja ya picha. Asubuhi ambapo mawingu hayajatanda, tazama upande wa kaskazini. Utauona mlima huo umesimama juu ya nyumba na miti, kama mlinzi aliyekesha.

Jiji la Arusha liko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Meru kiko mita 4,562. Mtu anayepanda kutoka chini hadi kileleni huona mambo mengi yakibadilika. Kwanza hupita katika mashamba ya migomba na kahawa ya Wameru na Waarusha. Kisha huingia katika msitu mnene wenye nyati na mbega. Baada ya msitu hukuta vichaka vifupi, na mwishoni hubaki mawe na majivu matupu ya volkano.

Lakini liko jambo jingine linalobadilika, nalo macho hayawezi kuliona. Jambo hilo ni hewa. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi. Mtu asiyelijua jambo hili aweza kuugua, na hata kufa, ijapokuwa ana nguvu na afya njema.

Katika somo hili utasoma maisha ya Hans Meyer, Mjerumani aliyeishi zamani. Mlima uliompa sifa si Meru, bali ni jirani yake Kilimanjaro, ulio upande wa mashariki. Siku ya anga safi, mtu aliye juu ya Meru huuona Kilimanjaro waziwazi. Hewa ya milima yote miwili hufuata kanuni moja. Kwa hiyo yaliyompata mtu katika mlima mmoja yanamfaa kila anayekusudia kuupanda mwingine.

Utoto wake na safari yake ya kwanza

Hans Meyer alizaliwa tarehe 22 Machi, 1858, katika mji wa Hildburghausen huko Ujerumani. Ukoo wake ulikuwa na kazi ya kuchapa vitabu, hasa vitabu vikubwa vya maarifa ya kila namna. Hivyo Hans alikua katikati ya vitabu na ramani. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi hiyo ya ukoo katika mji wa Leipzig, lakini moyo wake ulipenda safari na elimu ya jiografia.

Wakati huo watu wa Ulaya walikuwa wamekwisha kusikia habari za Kilimanjaro. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji juu ya Kibo, akaandika habari zake. Wataalamu wengine wa Ulaya hawakumsadiki, kwa kuwa walidhani theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Wachaga, waliokuwa wakiishi chini ya mlima huo siku zote, hawakuwa na shaka yo yote juu ya weupe ule.

Mwaka 1887 Hans Meyer alikuja Kilimanjaro kwa mara ya kwanza. Alipanda pamoja na Mjerumani mwenzake aitwaye von Eberstein. Walipofika mahali pa juu, mwenzake alichoka kabisa, akashindwa kuendelea. Meyer alikwenda peke yake mpaka akafika kwenye barafu ya Kibo. Mbele yake barafu ilisimama kama ukuta. Hakuwa na vifaa vya kupandia barafu, wala hakuwa na mtu wa kumsaidia. Akageuka na kurudi chini.

Fikiri kidogo, mwanafunzi. Je, ingekuwa vema Meyer aendelee siku ile? Wengine waweza kusema kwamba alikuwa mwoga. Lakini mtu aliye peke yake katika hewa nyepesi, mwenye baridi na uchovu, hawezi kuamua mambo vizuri. Kurudi kwake ndiko kulikomwezesha kuja tena.

Safari ya pili

Mwaka 1888 Meyer alirudi Afrika ya Mashariki pamoja na Oscar Baumann, mtaalamu wa ramani kutoka Austria. Walipita katika milima ya Usambara. Lakini mwaka huohuo watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, walianza kupigana na kampuni ya Wajerumani iliyotaka kuitawala nchi yao. Meyer na Baumann walikamatwa, wakafungwa, na hawakuachwa mpaka ilipolipwa fedha ya kuwakomboa. Safari ikavunjika. Meyer hakufika hata kwenye vilima vya chini vya Kilimanjaro.

Safari ya tatu na kambi ya juu

Mwaka 1889 Meyer alikuja kwa mara ya tatu. Safari hii alijitayarisha kwa namna nyingine. Kwanza, alimchukua Ludwig Purtscheller, mwalimu kutoka Austria aliyekuwa hodari sana wa kupanda milima yenye barafu. Pili, alileta kamba, mashoka ya barafu na nguo nzito. Tatu, na hili ndilo jambo kubwa kwetu, alipanga kukaa mlimani kwa siku nyingi.

Mwishoni mwa Septemba wasafiri walitoka Marangu, katika nchi ya Mangi Marealle. Watu wa Marangu waliwasaidia kupita msituni. Juu kidogo ya msitu waliweka kambi moja. Kisha walipanda mpaka kwenye uwanda mkavu ulio kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi. Tarehe 2 Oktoba walisimamisha hema hapo, mahali palipo zaidi ya mita 4,300 juu ya usawa wa bahari.

Wapagazi wengi walirudi chini. Mtu mmoja alibaki na wapandaji wale wawili. Jina lake lilikuwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Umfikirie mtu huyu aliyetoka mahali pa joto, penye minazi na bahari, naye sasa analala mahali ambapo maji huganda usiku. Alipika, alitunza kambi, na aliwangoja wenzake warudi. Kila baada ya siku chache wapagazi walipandisha chakula kutoka Marangu. Bila ya wapagazi hao na bila ya Mwini Amani, Meyer na Purtscheller wasingaliweza kukaa huko juu.

Meyer aliipanga kambi ile hasa kwa ajili ya chakula, ili njaa isiwarudishe chini kabla ya kazi kwisha. Lakini kambi ileile ilifanya na kazi ya pili. Iliipa miili yao muda wa kuzoea hewa nyepesi.

Siku mbili za kulinganisha

Tarehe 3 Oktoba, baada ya kulala usiku mmoja tu katika kambi ya juu, Meyer na Purtscheller waliondoka usiku wa manane kwenda Kibo. Walipofika kwenye barafu, Purtscheller alianza kuchonga vidato kwa shoka, kimoja baada ya kingine. Kazi hiyo ilikuwa nzito mno. Vifua viliwabana, na kila baada ya hatua chache walisimama kuvuta pumzi. Yapata saa nane mchana walifika kwenye ukingo wa kasoko, yaani shimo kubwa la volkano lililo juu ya Kibo. Hapo waliona kwamba mahali pa juu kuliko pote palikuwa bado mbele, upande mwingine wa ukingo.

Ungalifanya nini kama ungalikuwa pale? Kilele kinaonekana, nawe umekwisha kusafiri kutoka Ulaya mara tatu. Lakini nguvu zimekwisha, jua linaelekea kushuka, na usiku wa Kibo huua. Wapandaji wale walirudi kambini.

Walipumzika. Tarehe 5 Oktoba walisogea juu kidogo, wakalala chini ya mwamba ili asubuhi wawe karibu zaidi na barafu. Tarehe 6 Oktoba waliondoka tena kabla ya mapambazuko. Mara hii walifika kwenye ukingo kabla ya saa tatu asubuhi, na yapata saa nne na nusu wakasimama mahali pa juu kuliko pote katika Afrika. Siku hiyo Purtscheller alikuwa anatimiza umri wa miaka 40.

Linganisha siku hizo mbili. Watu ni walewale, na mlima ni uleule. Kwa nini mara ya pili waliweza? Sababu ni zaidi ya moja. Vidato walivyovichonga katika barafu tarehe 3 vilikuwapo bado. Tena safari ilianzia mahali palipo juu zaidi. Hata hivyo, iko sababu nyingine iliyo ndani ya mwili. Walikuwa wamekwisha kulala siku kadhaa katika hewa nyepesi, na miili yao ilikuwa imeanza kuizoea.

Kwa nini hewa ya juu ni nyepesi?

Fikiri juu ya magunia ya pamba yaliyopangwa moja juu ya jingine. Gunia lililo chini kabisa limebanwa na uzito wa magunia yote ya juu, kwa hiyo pamba yake imeshindiliwa. Gunia la juu halibanwi na kitu, na pamba yake imelegea. Hewa nayo iko hivyo. Hewa ya pwani imebanwa na hewa yote iliyo juu yake. Hewa ya mlimani haikubanwa sana. Nguvu hiyo ya hewa kubana huitwa kanieneo ya hewa.

Kila mahali, pwani na mlimani, sehemu 21 katika kila sehemu 100 za hewa ni oksijeni. Uwiano huo haubadiliki. Kinachopungua ni kiasi cha hewa yenyewe katika kila pumzi. Tuseme kwamba mtu aliye Tanga, kando ya bahari, anapata vipimo 100 vya oksijeni katika pumzi moja. Mtu aliye Arusha atapata vipimo 85 hivi. Aliye juu ya kilele cha Meru hatafikia hata 60. Aliye juu ya Kibo, kwenye mita 5,895, atapata kama 50, yaani nusu tu.

Mwili hauwezi kufanya kazi bila ya oksijeni. Ikipungua, mwili hujitahidi. Kwanza, mtu huvuta pumzi upesi zaidi na kwa nguvu zaidi. Pili, moyo hupiga upesi ili kusukuma damu nyingi zaidi. Tatu, baada ya siku nyingi, mwili hutengeneza chembechembe nyekundu zaidi za damu, nazo ndizo zinazobeba oksijeni. Mabadiliko haya huitwa kuzoea mwinuko, nayo hayafanyiki kwa saa moja. Yanataka siku. Mtu akipanda upesi kuliko mwili wake unavyoweza kuzoea, atapata ugonjwa wa milimani.

Mfaransa mmoja, Paul Bert, alikuwa ameuchunguza ugonjwa huu kabla ya Meyer kuja Kilimanjaro. Alitengeneza chumba cha chuma ambamo aliweza kupunguza kanieneo ya hewa. Akiwa ndani alijisikia vibaya kama mtu aliye mlimani, lakini alipovuta oksijeni alipata nafuu. Mwaka 1878 alitoa kitabu kilichoeleza kwamba chanzo cha ugonjwa huo ni upungufu wa oksijeni.

Maisha yake ya baadaye

Baada ya kufika kileleni, Meyer na Purtscheller hawakushuka mara moja. Walikaa katika uwanda ule wa juu, na safari yao yote ya mahali pa juu ilichukua zaidi ya wiki mbili. Walijaribu kupanda Mawenzi, lakini hawakukifikia kilele chake. Meyer alipima, alichora, na aliandika habari za mawe, mimea na barafu.

Mwaka 1898 alirudi tena Kilimanjaro. Aliona kwamba barafu ya Kibo ilikuwa imepungua tangu alipoiacha miaka tisa nyuma. Mwaka 1903 alikwenda Amerika ya Kusini kuchunguza barafu ya milima ya Ekuado. Baadaye alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Alifariki katika mji huo tarehe 5 Julai, 1929, akiwa na umri wa miaka 71.

Yafaa ujue pia kwamba Meyer alikuwa mtu wa zama za ukoloni, naye aliuunga mkono utawala wa nchi yake juu ya nchi yetu. Kilele alichokifikia alikiita kwa jina la mfalme wa Ujerumani. Jina hilo halikudumu. Usiku Tanganyika ilipopata uhuru, mwezi wa Desemba 1961, Alexander Nyirenda aliupandisha Mwenge wa Uhuru juu ya Kibo, na kilele hicho leo kinaitwa Uhuru. Tunamsoma Meyer kwa sababu safari zake zinatufundisha jambo la kweli kuhusu mwili wa binadamu.

Dalili za ugonjwa wa milimani

Ugonjwa huu huanza mara nyingi mtu anapopita mita 2,500. Dalili zake za kwanza ni hizi: kichwa kuuma, kichefuchefu au kutapika, kukosa hamu ya chakula, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, na kukosa usingizi. Mtu akiwa na dalili hizo asipande zaidi. Apumzike palepale mpaka apone. Asipopata nafuu, ashuke.

Ziko dalili nyingine ambazo ni za hatari kubwa. Mtu akihema hata akiwa amekaa, akikohoa sana, na midomo yake ikibadilika rangi, huenda maji yameanza kujaa katika mapafu yake. Akipepesuka kama mlevi, au akisema maneno yasiyoeleweka, huenda ubongo wake umeanza kuvimba. Mtu kama huyo hapaswi kungoja asubuhi. Ashushwe mara moja, hata ikiwa ni usiku, wala asiachwe ashuke peke yake. Kumshusha hata mita mia chache kwaweza kumwokoa.

Angalia pia jambo hili. Ugonjwa wa milimani hauchagui. Humpata kijana na mzee, mgeni na mwenyeji, mwenye misuli mikubwa na mwembamba. Mwanariadha aweza kuugua, na mwenzake asiye na mazoezi asiugue. Mara nyingi mwenye nguvu ndiye anayeugua, maana ndiye anayekimbilia mbele.

Labda kaka yako au mjomba wako ni mpagazi katika Meru au Kilimanjaro. Mpagazi aweza kuficha maumivu ya kichwa kwa sababu anaogopa kukosa ujira wake. Hilo ni kosa la hatari. Watu wamekufa katika milima yetu kwa ugonjwa huu, wageni na wenyeji pia. Ujira wa siku moja hupatikana tena, lakini uhai haupatikani.

Jinsi ya kujikinga ukipanda Meru

Sasa tuirudie Arusha. Tuseme kwamba siku moja, ukiwa mkubwa, utaupanda Mlima Meru. Safari huanzia kwenye lango la Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, kwenye mita 1,500 hivi. Askari wa hifadhi mwenye bunduki hufuatana na wapandaji kwa sababu ya nyati. Siku ya kwanza utalala Miriakamba, kwenye mita 2,514. Siku ya pili utalala katika vibanda vya Saddle, kwenye mita 3,570. Usiku unaofuata utaanza kupanda kwenda kileleni.

Toa hesabu: kutoka Miriakamba mpaka Saddle ni mita ngapi? Utaona kuwa ni zaidi ya 1,000. Huo ni mpando mkubwa kwa siku moja. Madaktari hushauri kwamba mtu aliyekwisha kupita mita 3,000 asipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kila siku, na kwamba apate siku ya mapumziko kila baada ya siku tatu au nne. Kwa hiyo mpandaji wa Meru lazima awe mwangalifu. Ufuate kanuni hizi:

1. Tembea polepole tangu siku ya kwanza, hata kama unajisikia mwenye nguvu. Mwendo mzuri ni ule unaokuwezesha kuzungumza bila ya kuhema.

2. Usipunguze siku za safari. Ikiwezekana ongeza siku moja. Siku moja zaidi Miriakamba au Saddle si siku iliyopotea, kwa maana mwili wako unafanya kazi wakati wewe umepumzika.

3. Panda juu, kisha shuka ulale chini. Karibu na Saddle kuna kilele kidogo kiitwacho Meru Ndogo, chenye mita 3,820. Wapandaji wengi hukipanda alasiri, kisha hurudi Saddle kulala. Kwa njia hiyo mwili huionja hewa nyepesi kabla ya safari ya usiku.

4. Kunywa maji ya kutosha. Hewa ya mlimani ni kavu, nawe hupoteza maji mengi kwa pumzi na kwa jasho. Maji peke yake hayazuii ugonjwa wa milimani, lakini mwili uliokauka huchoka upesi na kuumwa kichwa.

5. Kula hata kama hamu ni ndogo, na vaa nguo za kutosha. Pombe, sigara na dawa za usingizi zisiwemo katika safari.

6. Mwambie kiongozi wako mara tu unapoona dalili yo yote. Ipo dawa inayoweza kuusaidia mwili kuzoea, lakini ni daktari tu anayeweza kuamua nani aitumie na kwa kiasi gani. Dawa hiyo haimpi mtu ruhusa ya kukimbia.

7. Uwe tayari kurudi. Hii ndiyo kanuni iliyo ngumu kuliko zote.

Kumbuka kuwa Hans Meyer aligeuka mwaka 1887, na tena tarehe 3 Oktoba 1889, wakati kilele kilikuwa mbele ya macho yake. Mlima haukuhama. Ulimngoja. Mlima Meru nao umesimama juu ya Arusha tangu kabla ya mji kujengwa, nao utakuwapo mwaka ujao. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba haraka haraka haina baraka. Mlimani usemi huo ni kanuni ya afya.

Maneno ya kukumbuka

Kanieneo ya hewa: nguvu ya hewa kubana vitu.
Kasoko: shimo kubwa lililo juu ya mlima wa volkano.
Kuzoea mwinuko: mabadiliko ya mwili yanayomwezesha mtu kuishi katika hewa nyepesi.

Maswali

1. Kwa nini Hans Meyer alirudi chini mwaka 1887?
2. Eleza kazi ya Mwini Amani na ya wapagazi wa chakula katika safari ya mwaka 1889.
3. Taja sababu tatu zilizofanya tarehe 6 Oktoba iwe rahisi kuliko tarehe 3 Oktoba.
4. Je, sehemu ya oksijeni katika hewa ya Meru ni ndogo kuliko ile ya hewa ya Tanga? Eleza jibu lako.
5. Mwenzako anapepesuka na kusema maneno yasiyoeleweka akiwa Saddle usiku. Utafanya nini?
6. Kutoka Saddle mpaka kilele cha Meru ni mita ngapi?

Kazi ya kufanya

A. Kaa kimya kwa dakika tano. Kisha hesabu pumzi zako katika dakika moja. Andika idadi yake. Sasa ruka mahali pamoja kwa dakika mbili, uhesabu tena. Kwa nini idadi ya pili ni kubwa? Ungepata idadi gani, kubwa au ndogo, kama ungalihesabu ukiwa umekaa Saddle?

B. Mwombe mtu anayesafiri kwa basi kutoka Arusha kwenda Tanga au Dar es Salaam akufanyie jaribio hili. Akiwa Arusha, afunge vizuri kizibo cha chupa tupu ya plastiki iliyo laini. Asiifungue mpaka afike pwani. Aitazame chupa hiyo, kisha akueleze imekuwaje. Tumia yale uliyojifunza juu ya kanieneo ya hewa kueleza sababu yake.